UZI: Panga pangua ya mawaziri Japani inavyofanyika hatua kwa hatua, na kwa nini mara nyingi humrudi Waziri Mkuu

Mshale_wa_Habari (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila baraza la mawaziri la Japani likipanguliwa, magazeti yetu huandika mistari mitatu: fulani katoka, fulani kaingia, wanawake wako wangapi. Msomaji hapati cha kumsaidia kuelewa kwa nini waziri aliyeteuliwa Septemba anaondoka Oktoba. Nafungua uzi huu tuliweke jambo hili sawa. Naanza na sheria, wenye kujua siasa zake waendeleze. Majina nayaandika kwa mpangilio wa Kijapani, ukoo kwanza: Kishida Fumio, Takaichi Sanae.

Katiba yao ilianza kutumika tarehe 3 Mei 1947. Ibara ya 67 inalipa Bunge kazi ya kumchagua Waziri Mkuu kutoka miongoni mwa wabunge, na kazi hiyo inatangulia shughuli nyingine zote. Baraza la Chini lina viti 465, la Juu 248. Mabaraza yakichagua watu tofauti, inakaa kamati ya pamoja. Isipoafikiana, au Baraza la Juu likimaliza siku 10 bila kuamua, chaguo la Baraza la Chini ndilo linasimama. Ibara ya 68 inampa Waziri Mkuu mamlaka ya kuteua mawaziri na kuwatengua apendavyo, mradi zaidi ya nusu yao wawe wabunge. Ibara ya 66 inataka wote wawe raia, yaani hakuna mwanajeshi aliye kazini. Mfalme Mkuu anamteua kiitifaki Waziri Mkuu aliyechaguliwa na Bunge, na anathibitisha uteuzi wa mawaziri, lakini hana hiari ya kumkataa mtu.

Kwenye idadi ndiko watu wengi hukosea. Sheria ya Baraza la Mawaziri inaruhusu mawaziri 14, na ikilazimu hadi 17, mbali na Waziri Mkuu mwenyewe. Juu ya hapo huongezwa nafasi za muda kwa sheria maalumu: moja ya Wakala wa Ujenzi Mpya ulioanzishwa Februari 2012 baada ya tetemeko na tsunami ya 2011, moja ya Olimpiki ya Tokyo, moja ya Maonyesho ya Osaka ya 2025. Ndiyo maana Kishida alianza na mawaziri 20 Oktoba 2021, nafasi ya Olimpiki ilipokwisha muda wakabaki 19, na Takaichi alipoingia tarehe 21 Oktoba 2025, siku nane baada ya Maonyesho ya Osaka kufungwa, akateua 18.

Hao 18 wanahesabika hivi. Kumi na mmoja wanaongoza wizara kamili: mambo ya ndani na mawasiliano, sheria, mambo ya nje, fedha, elimu, afya na kazi, kilimo, uchumi na viwanda, ardhi na uchukuzi, mazingira, ulinzi. Kisha yuko Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, mwenyekiti wa Tume ya Taifa ya Usalama wa Umma anayesimamia polisi, waziri wa dijitali na waziri wa ujenzi mpya. Watatu waliobaki wako chini ya Ofisi ya Baraza la Mawaziri: watoto, sera za uchumi, usalama wa kiuchumi.

BintiMrima

Asante mkuu. Nina swali. Kishida ametajwa kuwa na "baraza la pili lililofanyiwa mabadiliko mara mbili". Kwa nini lisiitwe baraza la nne?

Msomi_wa_Ibara

@BintiMrima, namba inabadilika pale tu Bunge linapomchagua Waziri Mkuu upya. Ibara ya 70 inasema baraza lote lijiuzulu Bunge linapoitishwa mara ya kwanza baada ya uchaguzi wa Baraza la Chini, au kiti cha Waziri Mkuu kikiwa wazi. Kishida aliunda baraza la kwanza tarehe 4 Oktoba 2021, akavunja Baraza la Chini tarehe 14, uchaguzi ukafanyika tarehe 31, na tarehe 10 Novemba akachaguliwa tena. Hapo ndipo baraza la pili lilipoanza. Pangua ya tarehe 10 Agosti 2022 na ile ya tarehe 13 Septemba 2023 zote zilifanyika ndani ya baraza hilo la pili, bila kura yoyote ya Bunge.

Tofauti hii ina matokeo ya kiutendaji. Baraza likiwa jipya, kila waziri anateuliwa upya na kuthibitishwa upya hata kama anarudi kwenye kiti kilekile. Likiwa limepanguliwa tu, aliyebakizwa haendi tena ikulu kwa Mfalme, uteuzi wake wa zamani unaendelea. Wanaokwenda ni wapya.

Kuna pia mabadiliko yanayolazimishwa na kura. Ishiba Shigeru aliunda baraza tarehe 1 Oktoba 2024, akaitisha uchaguzi wa tarehe 27 Oktoba, na waziri wake wa sheria na yule wa kilimo wakapoteza viti vya ubunge. Kiongozi wa Komeito, chama kilichokuwa mshirika serikalini, naye alianguka, aliyekuwa waziri wa ardhi akapandishwa kuongoza chama hicho. Kwa hiyo tarehe 11 Novemba Ishiba alibadilisha watu watatu tu na kuwarudisha wengine wote. Siku hiyohiyo ilibidi Baraza la Chini lipige kura ya marudio, jambo lililokuwa halijatokea kwa miaka 30: Ishiba 221, kiongozi wa upinzani Noda Yoshihiko 160, na kura 84 zikaharibika.

Itifaki_Kwanza

Niweke ratiba ya siku yenyewe, maana hapa ndipo mtu anaweza kufuatilia habari na kujua hatua gani imefika.

Kwa LDP, chama tawala cha miaka mingi, viongozi wa chama hutangulia. Katibu mkuu wa chama, mwenyekiti wa baraza kuu, mwenyekiti wa sera na mwenyekiti wa uchaguzi wana muhula wa mwaka mmoja unaoishia Septemba. Ndiyo sababu pangua nyingi huangukia Agosti au Septemba: viti vya chama na vya serikali vinagawiwa kwa pamoja, anayekosa hapa anapozwa kule. Asubuhi halmashauri ya chama inawapitisha.

Baada ya hapo kinaitishwa kikao cha dharura cha baraza la mawaziri, na mawaziri wote wanamkabidhi Waziri Mkuu barua za kujiuzulu. Waziri Mkuu hulazimiki kumtengua mtu mmojammoja. Anapokea barua zote na kurudisha mamlaka mkononi mwake. Wateule wanaitwa mmojammoja ofisini kwake, wanaambiwa kazi na maelekezo. Mchana Katibu Mkuu wa Baraza anasoma orodha hadharani. Kisha wateule wapya wanakwenda ikulu, wanaume wengi kwa koti la mkia, na Mfalme anashuhudia wakipokea barua za uteuzi. Hakuna kula kiapo kama tulivyozoea Dodoma au Nairobi.

Angalieni jambo moja: barua ile ya ikulu inamfanya mtu awe "waziri wa nchi" tu. Wizara anayokwenda inaandikwa kwenye barua ya pili, anayopewa na Waziri Mkuu akirudi ofisini. Kwa hiyo mtu anaweza kuhamishiwa wizara nyingine au kuongezewa kofia bila kurudi kwa Mfalme. Kisha Waziri Mkuu anazungumza na waandishi, kinafuata kikao cha kwanza cha baraza, na picha ya pamoja kwenye ngazi zenye zulia jekundu. Usiku huohuo mawaziri wapya wanakutana na waandishi, na siku inayofuata kwa kawaida ndiyo ya kutia saini hati za makabidhiano na mtangulizi wizarani.

Naibu mawaziri hawatangazwi siku hiyo. Mwaka 2023 walitangazwa siku mbili baadaye.

Mti_Mkavu

@Itifaki_Kwanza, hiyo "hulazimiki" nadhani ulikusudia "halazimiki". Swali langu: waziri akikataa kutoa barua?

Msomi_wa_Ibara

Anatenguliwa kwa ibara ya 68, na Waziri Mkuu anaweza kushika wizara yake mwenyewe saa hiyohiyo. Mfano bora ni tarehe 8 Agosti 2005. Waziri Mkuu Koizumi Junichiro alitaka kuvunja Baraza la Chini baada ya muswada wa kubinafsisha posta kuangushwa Baraza la Juu. Uamuzi wa baraza la mawaziri huhitaji kauli moja, na kila waziri huweka alama yake ya saini kwenye waraka kwa brashi ya wino. Waziri wa kilimo, Shimamura Yoshinobu, akagoma. Koizumi akamtengua, akashika kilimo yeye mwenyewe, akatia saini na Bunge likavunjwa siku hiyo.

Utenguzi wa wazi kama huo ni nadra mno. Chini ya Katiba ya 1947 hesabu inayotajwa ni watano: Hirano Rikizo mwaka 1947, Hirokawa Kozen 1953, Fujio Masayuki 1986, Shimamura 2005, na Fukushima Mizuho Mei 2010 aliyekataa kutia saini uamuzi wa kambi ya jeshi la Marekani ya Futenma huko Okinawa. Wengine wote mnaosikia "katumbuliwa", kwenye karatasi wamejiuzulu wenyewe. Mwenye kutenguliwa anabaki na ubunge wake, anabaki na wafuasi, na anakuwa na kisa cha kusimulia. Chama hupendelea aandike barua.

Nyaraka_Wazi

Sasa tuje kwenye upekuzi, maana pangua nyingi za Japani hufia hapa.

Kabla ya uteuzi, kikundi kidogo cha ofisi ya Waziri Mkuu humpekua kila anayefikiriwa. Vinavyotazamwa ni taarifa za fedha za kisiasa za vyama vyake vya wafuasi, kodi, misaada kutoka kwa raia wa kigeni ambayo sheria inaikataza, misaada ya kampuni zinazopokea ruzuku ya serikali, zawadi kwa wapiga kura, kauli za zamani, na tangu 2022 uhusiano na lile kanisa lililojulikana kama Kanisa la Muungano. Tatizo ni usiri. Ukiuliza watu wengi, orodha inavuja kabla ya siku. Ukiuliza wachache, unabaki na tamko la mteule mwenyewe na nyaraka za hadharani. Magazeti ya kila wiki yana muda, yana wasaidizi wa zamani wenye kinyongo, na huanza kazi baada ya jina kutangazwa.

Makosa yanayowaangusha ni madogo kwa macho ya mtu wa nje, ila sheria yao ya uchaguzi haina huruma. Mfano wa rambirambi: mbunge anaruhusiwa kutoa fedha ya rambirambi kwa mtu wa jimbo lake endapo tu amehudhuria mwenyewe. Akimtuma msaidizi, ni kosa. Sugawara Isshu, waziri wa uchumi na viwanda aliyeteuliwa tarehe 11 Septemba 2019, alijiuzulu tarehe 25 Oktoba baada ya kuandikwa kwamba msaidizi wake alipeleka yeni 20,000 msibani. Siku sita baadaye waziri wa sheria, Kawai Katsuyuki, naye akaondoka kwa tuhuma za fedha za kampeni ya mkewe. Pangua ile haikuwa imefikisha miezi miwili.

Tarehe 20 Oktoba 2014 waliondoka wawili kwa siku moja: Obuchi Yuko wa uchumi na viwanda, kwa hesabu za safari za wafuasi kwenda kutazama maigizo, na Matsushima Midori wa sheria, kwa kugawa vipepeo vya karatasi (vya kujipepea) jimboni. Waziri Mkuu Abe Shinzo alikuwa amewateua tarehe 3 Septemba. Na mjue kabla ya hapo baraza lake lilikaa siku 617 bila kubadilishwa hata waziri mmoja, rekodi ya zama za baada ya vita. Alipoligusa tu, likavuja ndani ya wiki saba.

Aliyekaa muda mfupi wa kukumbukwa ni Endo Takehiko, kilimo, tarehe 27 Agosti hadi 3 Septemba 2007. Siku nane. Kosa lilikuwa la ruzuku ya serikali iliyopokelewa isivyo halali na chama cha bima ya wakulima alichokiongoza. Alikuwa mrithi wa kiti ambacho mwaka huohuo kilikuwa kimempoteza Matsuoka Toshikatsu aliyejiua Mei, kisha Akagi Norihiko aliyeondolewa Agosti. Abe, kwenye awamu yake ya kwanza, alipangua baraza ili kujinusuru baada ya kushindwa uchaguzi wa Baraza la Juu, na tarehe 12 Septemba alitangaza kuondoka yeye mwenyewe.

Nyota_ya_Pwani

Ongeza kundi la pili: wanaoanguka kwa ulimi. Imamura Masahiro, waziri wa ujenzi mpya, alisema Aprili 2017 kwamba afadhali tetemeko lilitokea Tohoku, yaani kaskazini mashariki, mbali na mji mkuu. Aliondoka. Sakurada Yoshitaka wa Olimpiki aliondoka Aprili 2019 kwa kumtanguliza mbunge mwenzake mbele ya ujenzi mpya wa maeneo ya maafa. Hanashi Yasuhiro wa sheria aliondoka Novemba 2022 kwa kusema kazi yake husikika kwenye habari pale tu anapogonga mhuri wa hukumu ya kifo. Eto Taku wa kilimo aliondoka tarehe 21 Mei 2025, bei ya mchele ikiwa juu na wananchi wakilia, kwa kusema hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi humpa. Upekuzi wa nyaraka haugundui haya. Yanatokea kwenye hafla za jimboni na mikutano ya kuchangisha fedha, mtu akiwa kati ya watu wake na amejisahau kwamba sasa ni waziri.

KauliThabiti

Kwa nini basi wateuliwe watu dhaifu kiasi hicho? Chama kina wabunge mamia.

Mshale_wa_Habari

@KauliThabiti, kwa sababu kigezo cha kwanza kimekuwa foleni, uwezo baadaye. Ndani ya LDP mbunge wa Baraza la Chini aliyechaguliwa mara tano au zaidi, au wa Baraza la Juu mara tatu, bila kuonja uwaziri, huhesabiwa kuwa anasubiri zamu. Kwa miongo mingi makundi ya ndani ya chama yalimpelekea Waziri Mkuu orodha ya watu wao wa kwenye foleni, naye akagawa kwa uwiano wa ukubwa wa kila kundi. Mtu aliyesubiri miaka kumi na tano akirukwa, kundi zima linanuna, na kundi lililonuna halikupigii kura ya urais wa chama.

Ukifanya hesabu utaona mtego. Viti ni 18 au 19. Wanaosubiri ni makumi. Kila pangua inawafurahisha wachache, inawaudhi waliotolewa, na inawaudhi zaidi waliorukwa tena. Kauli inayonasibishwa na Sato Eisaku, aliyekaa madarakani 1964 hadi 1972, ni kwamba kupangua baraza humpunguzia Waziri Mkuu nguvu na kuvunja Bunge humwongezea. Mimi naiona ni kweli kabisa. Kabla ya pangua, kila mbunge anayetarajia ni mtiifu. Baada yake, tarajio limekwisha na deni limebaki.

Koizumi alijaribu kuukata mnyororo huo Aprili 2001: alikataa orodha za makundi, akachagua mmojammoja, akaingiza wanawake watano na watu wasio wabunge kama mchumi Takenaka Heizo. Aliweza kwa kuwa alikuwa na umma nyuma yake. Waziri Mkuu asiye na umma hana ubavu huo.

Kashfa ya fedha za makundi, zile za harambee ambazo hayakuziandika kwenye taarifa zao, ndiyo iliyobadilisha hali. Tarehe 14 Desemba 2023 Kishida aliwaondoa kwa mpigo mawaziri wanne wa kundi la Abe: Matsuno Hirokazu aliyekuwa Katibu Mkuu wa Baraza, Nishimura Yasutoshi wa uchumi na viwanda, Suzuki Junji wa mambo ya ndani na Miyashita Ichiro wa kilimo. Badala yao waliingia Hayashi Yoshimasa, Saito Ken, Matsumoto Takeaki na Sakamoto Tetsushi, wote watu waliowahi kuwa mawaziri na waliokwisha kupekuliwa. Huo ndio uteuzi wa dharura: huchukui wa kwenye foleni, unamchukua aliyekwisha kupita kwenye moto. Januari 2024 makundi kadhaa, la Kishida likiwemo, yalitangaza kujivunja. La Aso Taro likabaki.

Nahodha_Msalaba

Kuna mgao mwingine mkuu hajaugusa: mshirika wa serikali na Baraza la Juu.

Komeito walishika wizara ya ardhi na uchukuzi mfululizo tangu Desemba 2012. Wizara ile ina barabara, bandari, reli na zabuni za ujenzi, na wabunge wa LDP waliitolea macho miaka yote hiyo. Komeito walipojitoa tarehe 10 Oktoba 2025, kiti kilirudi LDP kwa Kaneko Yasushi. Mshirika mpya, chama cha Ishin, aliahidi kura bungeni akakataa viti vya uwaziri. Kwa Takaichi hiyo ilikuwa nafuu na hatari kwa pamoja. Viti vyote ni vya kugawia chama chake, ila mshirika asiye na waziri ndani hafungwi na maamuzi ya baraza, anaweza kuondoka bila kuacha kiti.

Baraza la Juu kwa desturi hupewa viti viwili au vitatu, na viongozi wake hupenda kupendekeza majina wenyewe. Kwa Takaichi walikuwa watatu: Katayama Satsuki wa fedha, Onoda Kimi wa usalama wa kiuchumi, Makino Takao wa ujenzi mpya. Waziri wa Baraza la Juu ana faida ya wazi: Bunge likivunjwa hapotezi kiti chake.

Na wapinzani wa ndani. Dawa ya zamani ni kuwaingiza ndani, kwa kuwa baraza lina wajibu wa pamoja na waziri hawezi kuupinga hadharani uamuzi alioutia saini. Septemba 2014 Abe alimtoa Ishiba kwenye ukatibu mkuu wa chama akampa uwaziri wa kufufua mikoa. Takaichi aliwagawia viti wote wanne alioshindana nao kwenye uongozi wa chama: Koizumi Shinjiro ulinzi, Hayashi mambo ya ndani, Motegi Toshimitsu mambo ya nje, Kobayashi Takayuki sera za chama. Linganisheni na Ishiba mwaka 2024. Alimpa Takaichi uenyekiti wa baraza kuu la chama, akakataa. Kobayashi naye alikataa uenyekiti wa mawasiliano. Mpinzani aliyekataa kiti amejitangaza kuwa mgombea wa mara ijayo, na ndivyo ilivyokuwa.

BintiMrima

Kuhusu wanawake, rekodi ni watano kweli?

Nyota_ya_Pwani

Watano: Koizumi 2001, Abe 2014, Kishida Septemba 2023. Lakini hesabu hiyo ya Kishida isisomwe peke yake. Siku mbili baadaye walitangazwa naibu mawaziri na makatibu wa kibunge wa wizara, jumla 54, na hakukuwa na mwanamke hata mmoja. Orodha ya mawaziri anaipanga Waziri Mkuu mwenyewe kamera zikimtazama, ile ya chini yake inapangwa kwa mapendekezo ya chama. Takaichi, mwanamke wa kwanza kuwa Waziri Mkuu huko, aliteua wanawake wawili, Katayama na Onoda.

Na hiyo ngazi ya chini msiidharau. Ilianzishwa na mageuzi ya tarehe 6 Januari 2001, yaliyopunguza ofisi na wizara kutoka 1 na 22 hadi 1 na 12. Naibu waziri anajibu maswali kwenye kamati za Bunge na anamwakilisha waziri. Upekuzi wake ni mwepesi zaidi, na matokeo yalionekana 2023: kati ya tarehe 26 Oktoba na 13 Novemba waliondoka watatu, Yamada Taro wa elimu, Kakizawa Mito wa sheria, na Kanda Kenji wa fedha. Huyu wa fedha, wizara yenye mamlaka ya kodi, mali yake ilikuwa imezuiliwa kwa kutolipa kodi. Serikali haikuwa na la kujibu.

Doto_wa_Ziwa

Niulize lenye kutugusa sisi. TICAD 9, mkutano wa Japani na Afrika, ilifanyika Yokohama tarehe 20 hadi 22 Agosti 2025 chini ya Ishiba, na tarehe 7 Septemba akatangaza kuondoka. Miradi ya JICA, shirika la misaada la Japani, kwetu inatikisika waziri wa mambo ya nje akibadilishwa?

Msomi_wa_Ibara

@Doto_wa_Ziwa, mradi uliokwisha kutiwa saini hautikisiki kwa pangua. Ahadi ni ya serikali, na wizara inaendeshwa na katibu mkuu wa wizara, mtumishi wa umma asiyebadilika na waziri. Tangu 30 Mei 2014 ipo ofisi maalumu ya Baraza la Mawaziri inayosimamia uteuzi wa maofisa wakuu wapatao 600 wa wizara zote, kwa hiyo ofisi ya Waziri Mkuu ina mkono huko, ila mabadiliko yao yana msimu wake, mara nyingi kiangazi.

Cha kuangalia ni kalenda ya bajeti. Mwaka wao wa fedha unaanza tarehe 1 Aprili. Wizara hupeleka maombi ya bajeti kwa kawaida kufikia mwisho wa Agosti, baraza hupitisha rasimu mwishoni mwa Desemba, Bunge la kawaida la siku 150 huanza Januari na kujadili. Waziri anayeingia Septemba anakuta maombi yameshapelekwa na mtangulizi wake. Anaweza kusukuma vipaumbele kwenye mazungumzo na wizara ya fedha, hawezi kuanza upya. Anayeingia Desemba kwa dharura, kama wale wanne wa 2023, anatetea bungeni bajeti ambayo hakuiandika kabisa. Kinachochelewa ni ziara za mawaziri na mambo mapya yanayosubiri uamuzi wa kisiasa, kwa kuwa waziri mpya hutumia wiki za kwanza kujiandaa kwa maswali ya Bunge la dharura la vuli.

Mti_Mkavu

Kwa hiyo tukiona orodha mpya, tuanze kutazama wapi?

Itifaki_Kwanza

Anza na waliobaki, siyo walioingia. Abe alipangua mara nyingi, lakini Aso alikaa fedha na Suga Yoshihide alikaa Katibu Mkuu wa Baraza tangu Desemba 2012 hadi Abe mwenyewe alipoondoka Septemba 2020. Nguzo hizo zikiwa palepale, pangua ni ya pembeni. Katibu Mkuu wa Baraza akibadilishwa, badiliko ni kubwa hata kama wengine wote wamebaki, kwa kuwa yeye ndiye anayeongea na waandishi mara mbili kwa siku na kuziunganisha wizara.

Kisha hesabu wanaoingia barazani kwa mara ya kwanza. Wakiwa wengi, foleni imefunguliwa na hatari ya kashfa imepanda. Wakiwa wachache, Waziri Mkuu anaogopa au amebanwa. Tatu, tazama waliopelekwa kwenye chama badala ya serikali. Hagiuda Koichi mwaka 2022 alitoka uchumi na viwanda akawa mwenyekiti wa sera wa chama, na wasiojua wakaandika kwamba ameporomoka.

Na tazama tarehe. Ile ya 10 Agosti 2022 wengi waliitarajia Septemba. Kishida aliivuta mbele baada ya Abe kuuawa tarehe 8 Julai na suala la lile Kanisa la Muungano kulipuka, kwa kuwa mtuhumiwa alikuwa na kinyongo nalo. Haraka ilimgharimu. Yamagiwa Daishiro aliyebakizwa aliondoka tarehe 24 Oktoba kwa uhusiano na kanisa hilohilo, na hadi mwisho wa Desemba wakawa wanne: Yamagiwa, Hanashi, Terada Minoru na Akiba Kenya.

KauliThabiti

La mwisho kwangu. Waziri Mkuu akianguka ghafla katikati ya haya yote, nani anashika?

Msomi_wa_Ibara

Ibara ya 9 ya Sheria ya Baraza la Mawaziri: waziri aliyeteuliwa mapema na Waziri Mkuu mwenyewe. Tatizo lilionekana tarehe 2 Aprili 2000, Obuchi Keizo alipopatwa na kiharusi. Hapakuwa na aliyeandikwa mapema. Aoki Mikio, Katibu Mkuu wa Baraza, alisema ameagizwa na mgonjwa hospitalini, na upinzani ukahoji kama mgonjwa yule aliweza kusema. Tarehe 4 Aprili baraza likajiuzulu lote, tarehe 5 Mori Yoshiro akachaguliwa. Tangu hapo kila baraza linapoundwa hutajwa mawaziri watano kwa mpangilio, wa kwanza hadi wa tano, wa kushika nafasi hiyo kwa muda. Orodha hiyo nayo isomeni: inaonyesha nani Waziri Mkuu anamwamini bila kujali ukubwa wa wizara yake.